Barua ya wazi kuhusu soketi zisizo na mwenyewe kwenye jenereta za kuchomelea

Kwa wenye dhamana ya usalama na afya mahali pa kazi, usajili wa makandarasi, mafunzo ya ufundi stadi na viwango vya bidhaa,
Dar es Salaam.

YAH: MATUMIZI SALAMA YA SOKETI ZA UMEME ZILIZOPO KWENYE JENERETA ZA KUCHOMELEA

Ndugu Viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi umeme, na kwa miaka 19 nimefanya kazi kwenye maeneo ya ujenzi ya jiji hili, kuanzia maghala ya Barabara ya Nyerere hadi maghorofa ya Kariakoo na nyumba za watu binafsi kule Kigamboni na Goba. Ninawaandikia kwa heshima, na ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linagusa taasisi zaidi ya moja, na jambo la namna hiyo likipelekwa kwenye mlango mmoja tu ni rahisi kukosa mtu wa kulishika.

Mashine ninayoizungumzia mnaifahamu. Ni ile jenereta ya kuchomelea vyuma, ya petroli au ya dizeli, ambayo hukodishwa kwa siku na kupelekwa saiti kwa Kirikuu au guta. Mbele yake kuna vichwa viwili vinene vya kufungia nyaya za kuchomelea, na karibu na vichwa hivyo kuna soketi mbili au tatu zinazotoa umeme wa kawaida. Mahali ambapo umeme wa TANESCO haujaunganishwa bado, soketi hizo ndizo umeme wa saiti nzima: hapo huchomekwa grinda, drili, vaibreta, pampu, taa za kumwagia zege usiku, na ule ubao wa soketi sita ambao simu za vibarua wote hulala juu yake zikichajiwa tangu saa mbili asubuhi.

Nieleze kilichonisukuma kuandika. Katika saiti moja ya katikati ya jiji, ambayo sitaitaja kwa sababu nia yangu si kumshtaki mtu, tulichimba msingi wakati wa masika, na shimo likajaa maji kama kawaida ya maeneo yetu ya chini. Kijana mmoja saidia fundi aliingia shimoni, maji yakimfika magotini, kuihamisha pampu ya kuzama iliyokuwa imeziba kwa tope. Pampu ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya jenereta ya kuchomelea iliyokuwa juu ukingoni, ikinguruma. Mkono wake wa kulia ulishika mpini wa chuma wa pampu, na wa kushoto ulishika nondo ya msingi ili asiteleze. Aliganda. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotuchelewesha, kwa sababu kutoka juu alionekana kama mtu aliyeinama akifikiri. Mwenzake aliona kidevu chake kikitetemeka, akakimbia kuzima injini, na injini ilipofifia kijana alianguka majini, tukamtoa. Alilazwa, viganja vyote viwili vikiwa vimeungua, naye Mungu amemjalia yu hai hadi leo.

Jioni ile niliifungua plagi ya pampu. Ilikuwa plagi ya pini tatu, mpya, inayong'aa. Ndani yake mlikuwa na nyaya mbili tu. Mtu aliyeirefusha waya ya pampu alitumia waya wa nyaya mbili, ule wa kufungia taa za ndani, kwa hiyo ethi ya pampu, yaani waya wake wa usalama, iliishia kwenye kiungo kilichofungwa kwa tepu nyeusi, mita tatu kutoka kwenye maji. Pini ndefu ya ethi ilikuwa pale kwa kazi moja tu, nayo ni kusukuma kile kimlango cha ndani ya soketi ili pini nyingine mbili ziingie. Kisha nikafungua kifuniko cha soketi za jenereta yenyewe. Palipotakiwa kuwa na kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho mafundi tunakiita RCD, nyaya zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja kwa vishikizo. Nilipouliza, nilijibiwa kwa nia njema kabisa kwamba kile kifaa "kilikuwa kinasumbua, kila mvua ikinyesha kinakata". Kilikuwa kinafanya kazi yake.

Ndugu Viongozi, nimelifikiri tukio hilo kwa muda mrefu, na sioni kwamba chanzo chake ni mtu mmoja mzembe. Naona kwamba soketi zile hazina mwenyewe. Fundi kuchomelea anasema yeye kazi yake ni vyuma, na umeme wa soketi ni wa fundi umeme. Fundi umeme anasema ile ni mashine ya mchomeleaji, yeye anahusika na bodi ya kugawia umeme wa saiti na nyaya za jengo. Mwenye kukodisha anaangalia kama injini inawaka na kama mashine inachoma vizuri, maana hivyo ndivyo mteja anavyoijaribu pale anapoichukua. Msimamizi anaona umeme upo, kazi inaendelea. Mkaguzi akifika, anauliza kofia, mabuti, mitungi ya kuzimia moto, barakoa na miwani ya mchomeleaji, na ni haki aulize. Ila kati ya wote hao, hakuna ambaye jina lake limeandikwa mahali popote kwamba yeye ndiye anayejibu kuhusu soketi.

Naomba nieleze kwa nini soketi hizo zinahitaji uangalizi wa peke yake, maana wengi wanaziona kama soketi ya ukutani iliyowekewa magurudumu.

Kwanza ni hesabu ambayo kila kiongozi wa saiti anapaswa kuijua. Mwili wa mtu aliyelowa unaweza kuwa na ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia umeme, wa takriban omu 1,000 kutoka mkono hadi mkono. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni ampea 0.23, yaani miliampea 230, kiasi kinachotosha kuvuruga mapigo ya moyo ndani ya muda mfupi sana. Sakiti breka ya soketi ile ilikuwa ya ampea 16, yaani miliampea 16,000. Kwa breka hiyo, kijana aliyeganda shimoni alikuwa mzigo mdogo kuliko balbu mbili za zamani. Breka huwekwa ili kulinda waya usiungue, na kwa kazi hiyo inatosha. Anayemlinda mtu ni RCD ya miliampea 30, ambayo hupima kama umeme unaotoka kwa waya wa moto, ule unaoleta umeme, unarudi wote kwa nyutro, ule unaourudisha, na ikiona tofauti inakata katika sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo anayeondoa RCD kwa sababu inakata wakati wa mvua, amemwondoa mlinzi pekee aliyekuwa anaona kwamba umeme unapotea njia.

La pili ni la kitaalamu zaidi, lakini naomba mnivumilie kwa sababu ndipo mafundi wengi wazuri wanapokosea. Kwenye umeme wa TANESCO nyutro imefungwa ardhini, na RCD inafanya kazi kwa kutegemea hilo. Kwenye jenereta, nyutro inaweza kuwa imefungwa kiwandani kwenye bodi ya mashine, yaani mwili wake wa chuma, au inaweza kuwa inaelea bila kufungwa popote. Ikiwa inaelea, kosa la kwanza la umeme, mfano waya wa moto kugusa bodi ya kifaa, halionyeshi dalili yoyote. Hapigwi mtu, haikati breka, na kazi inaendelea siku nyingi. Kosa la pili likitokea kwenye kifaa kingine, kwenye waya wa upande wa pili, watu wawili walioshika vifaa viwili wanaweza kujikuta wamesimama katikati ya volti 230. Ubaya wake ni kwamba mtu akiongeza RCD kwenye mashine ya aina hiyo na kubonyeza kitufe cha majaribio, itakata vizuri, naye ataridhika. Kitufe kile hujaribu kifaa chenyewe kwa mzunguko wa ndani, hakijaribu kama nyutro imefungwa kwenye bodi. Njia ya kujua ni kusoma kitabu cha mashine, kisha kuzima injini, kuchomoa kila kitu, na kupima kwa mita kati ya tundu la nyutro na chuma cha mashine. Ni kazi ya dakika mbili. Katika saiti nyingi nilizopita, haijawahi kufanyika hata mara moja.

Wapo wanaodhani kwamba nondo iliyochomekwa mchangani pembeni ya mashine na kufungwa waya inamaliza tatizo. Mchanga wetu wa pwani ukikauka ni mgumu mno kupitisha umeme. Hata tukikadiria kwa ukarimu kwamba nondo hiyo ina ukinzani wa omu 50, volti 230 zitapitisha ampea 4.6 tu kwenda ardhini, na breka ya ampea 16 haitashtuka. Pale ambapo mtengenezaji ameagiza nondo, iwekwe inavyopaswa. Ila kinachorudisha umeme wa kosa kwenye mashine kwa nguvu ya kutosha kukata breka ni waya wa kijani na njano ndani ya ekstensheni, kuanzia bodi ya kifaa hadi bodi ya jenereta, bila kukatika. Nisieleweke vibaya kuhusu grinda na drili nyingi ambazo huja na waya wa nyaya mbili na alama ya mraba ndani ya mraba; hizo zimetengenezwa zikiwa na kinga mbili za kuzuia umeme usimfikie mtu, na hazihitaji ethi. Pampu, vaibreta, mikseri na taa zenye bodi ya chuma zinaihitaji.

Na hapa lugha yetu ya kazi imetuponza. Neno "ethi" kwenye saiti zetu lina maana mbili. Fundi umeme akisema ethi anamaanisha waya wa usalama. Mchomeleaji akisema "funga ethi" anamaanisha lile koleo zito linalorudisha umeme wa kuchomelea kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mashine. Nimeshuhudia msaidizi akiambiwa afunge ethi, akalibana koleo la kuchomelea kwenye nguzo ya upande wa pili wa banda, mbali na mahali pa kazi, akiwa na hakika kwamba ameiweka mashine salama. Matokeo yake ni kwamba umeme wa kuchomelea, ambao unaweza kuwa ampea 150, hutafuta kila njia ya kurudi, na ikiwa kuna taa ya bodi ya chuma au mikseri iliyogusa chuma hicho huku imechomekwa kwenye mashine hiyohiyo, sehemu ya umeme huo inaweza kupita kwenye waya mwembamba wa ethi wa ekstensheni. Hapo waya huo unaweza kuyeyuka ndani ya mpira wake. Taa inaendelea kuwaka, mikseri inaendelea kuzunguka, na ethi haipo tena, wala hakuna aliyeona moshi. Dawa yake ni koleo kubanwa kwenye chuma kilekile kinachochomewa, karibu iwezekanavyo na mahali pa kuunganisha, na vifaa vya soketi visilazwe juu ya chuma hicho. Ninapendekeza pia, na sioni aibu kulisema jambo dogo kama hili kwa viongozi, kwamba katika mafunzo na vibao vya usalama lile koleo liitwe "koleo la kurudishia", na neno ethi libaki na maana moja.

Mzigo nao unahitaji maelezo. Injini ni moja, inagawana nguvu kati ya kuchomelea na soketi. Ukichomelea kwa vijiti kwa ampea 200, volti za moto wenyewe wa kuchomelea ni kama 28, kwa hiyo wati 5,600 zimeondoka kabla ya kuhesabu kinachopotea ndani ya mashine. Kilichobaki kwa soketi kinaweza kuwa kidogo sana, ingawa kibao cha mashine kimeandikwa kilowati nyingi. Kiwango kile cha kwenye kibao kwa kawaida ni cha soketi pekee, mchomeleaji akiwa amepumzika. Vitabu vya mashine hizi huwa na jedwali linaloonyesha ukichomelea kwa ampea kadhaa unabakiwa na wati ngapi, na jedwali hilo linastahili kubandikwa juu ya mashine kwa Kiswahili. Pampu au kompresa wakati wa kuanza huvuta umeme mara tano hadi saba ya kiwango chake, na hapo volti huporomoka kwa kila aliyechomeka.

Kuna pia swichi ya kupunguza mwendo wa injini wakati hakuna kazi, ule mwendo ambao mafundi magari wanauita sailensa. Mashine nyingi za herzi 50 hutakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili zitoe volti na herzi sahihi. Kwenye sailensa, volti na herzi zote hushuka. Kifaa kidogo kama chaja ya simu huenda kisivute umeme wa kutosha kuiamsha injini, kikabaki kinakula umeme mchafu, wakati mota iliyochomekwa hapo huunguruma bila kuzunguka na kuungua. Swichi iwekwe kwenye mwendo kamili kabla ya kutumia soketi, isipokuwa kitabu cha mashine kiseme vingine. Kompyuta za ofisi ya saiti na friji ya mama lishe zisichomekwe humo mpaka mtengenezaji awe ameandika kwamba umeme wa soketi hizo unafaa kwa vifaa vya elektroniki.

Mashine zilizotumika zinazoshuka bandarini kwetu zina mitihani yake. Zilizotoka Marekani zina soketi za volti 120 na 240 kwa herzi 60, na pampu ya herzi 50 ikiendeshwa humo huzunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia 20 na kujichosha. Zilizotoka Uingereza mara nyingi zina soketi ya duara ya manjano, ambayo ni ya volti 110, pamoja na ya buluu ya volti 230. Ile ya manjano hung'olewa hapa kwetu ikionekana haina kazi, nami huumia kila ninapoiona kwenye chuma chakavu cha Gerezani. Waingereza waliiweka kwa makusudi kwenye maeneo ya ujenzi: mfumo wake umefungwa ardhini katikati, hivyo mtu akigusa waya mmoja hupata volti 55 tu dhidi ya ardhi badala ya 230. Kijana wetu wa shimoni angekuwa kwenye mfumo huo, pengine angetoka na mshtuko na hadithi ya kuwasimulia wenzake jioni.

Soketi ya buluu imezaa desturi nyingine. Plagi yake haipatikani kila duka, kwa hiyo plagi ya kawaida hukatwa, nyaya huchunwa kwa meno, na kusokomezwa ndani ya matundu kwa njiti za kiberiti. Nikikuta njiti hizo, najua hakuna ethi, najua waya ukivutwa utatoka mmoja na kuacha mwingine, na najua hakuna aliyejiuliza.

Sasa niseme kuhusu jambo linalowagusa watu wasiokuwa saiti kabisa. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, niliitwa mara kadhaa kwenye nyumba na karakana ambako jenereta ya kuchomelea ilikuwa imeunganishwa na nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya sebuleni. Kazi hizo nyingi zilifanywa na vishoka. Umeme ukisukumwa hivyo huingia kwenye bodi ya nyumba, hutoka kupitia mita, huifikia transfoma ya mtaani, na transfoma haijui upande. Hupandisha umeme huo hadi maelfu ya volti kwenye laini ambayo fundi aliye juu ya nguzo ameambiwa imezimwa. Wakati huohuo, pini za ule waya zikichomoka sebuleni ziko wazi zikiwa na volti 230 mbele ya watoto. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla, hukutana na jenereta inayozunguka kwa wakati wake yenyewe, na kinachofuata ni moto. Nyumba au karakana inayotaka kulishwa na jenereta iwe na swichi ya chenjiova, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, inayoikata gridi kabla ya kuiingiza jenereta, naye fundi huyohuyo ndiye aamue suala la nyutro kwenye mfumo huo. Mgao ulipungua mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa mwaka 2024, lakini nyaya za plagi mbili bado zimetundikwa misumarini kwenye stoo za watu.

Mengine nayataja kwa kifupi kwa kuwa yanajulikana. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, yenye sumu na isiyo na harufu, kwa hiyo mashine isiwekwe ndani ya kontena wala kwenye ghorofa za chini ya ardhi. Mafuta yasijazwe injini ikiwa inawaka au bado haijapoa. Mvua ikinyesha, bati la juu la mashine hukinga injini lakini halikingi soketi. Ekstensheni ya mita 50 yenye nyaya nyembamba za milimita za mraba 0.75 hupoteza volti 24 hivi kwa mzigo wa ampea 10, huku ya 2.5 ikipoteza volti saba na nusu, na yoyote ikiachwa imeviringwa kwenye roli yake hujipika yenyewe.

Kutokana na hayo, ninaomba yafuatayo, nikitambua kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tayari inamtaka mwajiri atoe vifaa vilivyo salama, na kwamba sihitaji kuwafundisha kazi yenu.

Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ninaomba muingize soketi za jenereta za kuchomelea kwenye orodha ya ukaguzi kama kipengele kinachojitegemea, na mkaguzi aje na kifaa cha kupimia RCD, akiangalia inakata kwa miliampea ngapi na kwa muda gani, asitosheke na kubonyeza kitufe. Ninaomba kila saiti ilazimike kuandika jina la mtu mmoja anayewajibika kwa soketi hizo, jina lenyewe libandikwe kwenye mashine, na mtu huyo abonyeze kitufe kila asubuhi na kuweka saini. Kama mtaamua jambo moja tu kati ya yote niliyoyaandika, ninawasihi liwe hilo la jina, kwa sababu RCD iliyoondolewa na waya usio na ethi vyote vilipita mbele ya macho ya watu wengi, mimi nikiwa mmojawapo; jenereta ile ilikuwa saitini kwetu siku tisa kabla ya ajali na sikuwahi kufungua kifuniko chake, kwa kuwa haikuwa yangu.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ninaomba muwatake makandarasi wanaokodi mashine hizi wapokee pamoja na mashine cheti cha majaribio ya soketi, ili mwenye kukodisha naye awe na sababu ya kuzitazama. Bila hivyo, mashine iliyong'olewa RCD itaendelea kuwa bei rahisi kuliko ya jirani yake yenye RCD nzima. VETA, ninaomba mwanafunzi wa kuchomelea na mwanafunzi wa umeme wafundishwe jambo hili kwenye karakana moja, siku moja, mbele ya mashine moja, ili siku ya kwanza kazini kila mmoja ajue mwisho wa kazi yake na mwanzo wa kazi ya mwenzake. Shirika la Viwango, ninaomba maelekezo ya soketi yaandikwe kwa Kiswahili kwenye mashine zinazoingizwa nchini, pamoja na taarifa kama nyutro imefungwa kwenye bodi au inaelea. Kibarua anayechomeka pampu hasomi kitabu cha kurasa 60, ila atasoma mistari minne iliyo juu ya soketi.

Najua gharama itatajwa. RCD, plagi halali ya buluu na waya wa nyaya tatu ni vitu vinavyouzwa madukani Kariakoo, na kwa pamoja havifikii kodi ya wiki moja ya mashine yenyewe kwa bei ninazozifahamu. Kwa kazi za kwenye maji na matope, ninawaomba mfikirie pia kuhimiza transfoma ndogo za volti 110 zenye ethi ya katikati, ambazo zinaweza kuchomekwa kwenye soketi hizihizi za volti 230 na kumpa mtu wa shimoni kinga ambayo mimi sikumpa kijana wetu.

Niko tayari kuitwa na ofisi yoyote kati yenu, kwa siku na saa mtakayopanga, nikiwa na mita yangu, kuonyesha kwa mashine halisi kila nilichokieleza hapa. Plagi ya pampu ile nimeihifadhi kwenye kisanduku changu cha vifaa, ikiwa na nyaya zake mbili kama nilivyoikuta, nami nitakuja nayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi umeme na msimamizi wa saiti,
Dar es Salaam.